Mkasi wa Jovita na Masikio ya Gunia

Nimekasirika, na nitaeleza hivyohivyo nikiwa nimekasirika, maana nikisubiri nipoe nitaanza kuwasamehe watu ambao hawajaniomba msamaha.

Jovita mnamjua. Kama humjui kwa jina, umemwona: yule mama mrefu wa Mutuka anayechechemea mguu wa kushoto, Mama Brayan, aliyekuwa anakaa kwenye cherehani ya mwisho, karibu na mtaro, kwenye kibaraza cha duka la vitambaa la Mzee Mikidadi hapa Babati mjini. Mimi nauza ugoro ng'ambo ya barabara, hatua kumi na nne kutoka kibaraza kile. Macho yangu yamechoka lakini masikio yangu bado yanamsikia kiboko akipiga miayo ziwani. Kwa hiyo haya niliyaona na kuyasikia. Nilichoongeza ni chumvi kidogo, na chakula kisicho na chumvi nani anakila.

Jovita alizaliwa kwa wakulima akaolewa na mkulima, Damasi, mtu mpole ambaye akikanyaga siafu anaomba radhi. Walilima mahindi na maharage kama wengine. Ila sifa ya Jovita haikuwa jembe. Ilikuwa sindano ya gunia. Mahindi yakishapukuchuliwa, Mutuka nzima ilimwita aje afunge midomo ya magunia. Alishona kwa kamba ya katani, anapitisha, anavuta, anakaza, kisha kwenye pembe mbili za gunia anaacha masikio, vile vishungi vya kushikia wakati wa kunyanyua. Kila mtu anayeshona gunia huacha masikio, lakini Jovita aliyazungusha fundo mara tatu, kama anasuka nywele za mtoto anayepelekwa kubatizwa. Gunia lake moja liliwahi kuanguka kutoka kwenye lori kule mteremkoni, likabingirika lenyewe hadi Magugu, likafika kabla ya lori, na haikutoka hata punje. Fukusi aliyefungiwa mle ndani akiwa kijana alitoka akiwa babu.

Kisha maksai akamkanyaga. Maksai mwekundu wa Damasi, walikuwa wanamfundisha kuvuta jembe, akashtuka na kurudi nyuma, na goti la Jovita likawa ndiyo sakafu yake. Liliunga, lakini liliunga vibaya. Hospitali walimwambia asiiname tena shambani. Mwanamke wa Mutuka asiyeinama ni sawa na jembe lisilo na mpini, linabaki kuegeshwa ukutani tu.

Damasi akamuuza yule maksai, akanunua cherehani. Akamwambia mkewe, "Huyu ng'ombe amekuvunja mguu, basi na awe mguu wako." Damasi huzungumza mara mbili kwa mwaka, na hiyo ilikuwa mojawapo.

Sasa usidhani ukiwa na cherehani umekuwa fundi. Kwenye vibaraza vyetu kinachomfanya mtu kuwa fundi ni mkasi. Unakaa kwa fundi mkubwa, unafundishwa, na siku ukiiva anakukabidhi mkasi mbele ya mashahidi, mkasi wake mwenyewe aliokuwa anakatia, si mpya wa dukani, na mwenye kibaraza anatamka kwamba amesikia. Kuanzia hapo watu wanakuletea vitambaa. Kabla ya hapo, hata ushone kama malaika, hakuna mama atakayekupa hata kitambaa cha meza ukipinde. Jovita alikuwa anataka kitu kimoja tu hapa duniani baada ya goti lile, nacho ni huo mkasi. Cherehani yake ilikuwa nyumbani Mutuka, imefunikwa shuka, inausubiri.

Akapelekwa kwa Fundi Sosthenes, aliyekuwa na meza ya mbele pale kibarazani kwa Mikidadi.

Huyu Sosthenes alikaa Arusha miezi michache kujifunza ufundi, akarudi na kofia ya pama na sentensi moja ya Kiingereza. Kofia ilichakaa. Sentensi haikuchakaa. "Jast e litol praktis." Ndivyo alivyoitamka, akinyanyua kidole kidogo. Maana yake ni zoezi kidogo tu. Si Kiingereza cha kuogopesha, kila mtu anacho, walimu wanakisema, makocha wa mpira wanakisema, hata wanaofundisha watu pikipiki pale uwanjani wanakisema mwanafunzi akiwa tayari yuko mtaroni. Lakini Sosthenes alikisema kama padri anavyosema amina, kufunga mazungumzo.

Makubaliano yalifanyika mbele ya Mzee Mikidadi. Damasi alileta beberu mmoja na kuku wawili. Sosthenes akasema miezi sita. Mikidadi, ambaye babu yake alitoka pwani na duka hilo mgongoni, naye mwenyewe amezaliwa hapahapa Babati, akasema, "Nimesikia. Miezi sita." Nami nilisikia kutoka ng'ambo, ijapokuwa hakuna aliyeniuliza.

Mwezi wa kwanza Jovita alishona karatasi. Ndivyo mafundi wetu wanavyofundisha: mwanafunzi anapewa mfuko wa saruji uliochanwa, umechorwa mistari ya chaki, na cherehani isiyo na uzi. Unakanyaga, sindano inatoboa, ukimaliza fundi anainua karatasi juani kuona kama matundu yamefuata mstari. Jovita alikanyaga kwa mguu mmoja wa kulia. Wiki ya pili matundu yake yalikuwa yamenyooka hivi kwamba ukiinua karatasi, jua lilipita mle likaanguka chini kama limepangwa foleni. Wanafunzi wengine wanamaliza mifuko thelathini ndiyo wanapewa uzi. Yeye alimaliza kumi na mmoja.

Siku alipopewa uzi akashona mto. Akafika mwisho, akakata, na mkono wake ukafanya ulichozoea: ukazungusha fundo mara tatu, ukaacha sikio.

Sosthenes akauinua ule mto watu wote wauone. "Mama Brayan, hiki ni nini?"

"Nimefunga, fundi."

"Umefunga au umeweka mkia? Hapa kibarazani hapashonwi gunia. Mzee Mikidadi, njoo uone, leo tumeletewa mto wa kupakia kwenye lori."

Watu wakacheka. Mikidadi naye akacheka, nataka iandikwe kwamba alicheka. Jovita akachukua wembe akaliondoa lile sikio. Sosthenes akasema, "Nikiona tena sikio nakuanzishia upya kwenye saruji." Halafu akanyanyua kidole kidogo. "Jast e litol praktis."

Miezi sita ikafika. Siku hiyo Jovita alivaa kitenge chake kizuri. Damasi alimleta kwa baiskeli, akabaki amesimama pembeni ameshika kofia mkononi, maana alijua ni siku ya mkasi.

"Fundi, shikamoo," akasema Jovita, ingawa Sosthenes hamzidi umri zaidi ya miaka mitano.

"Marahaba, Mama Brayan. Mbona leo mmekuja kama harusini?"

"Miezi sita imeisha, fundi."

"Imeisha? Muda unakimbia kweli." Akamtazama Damasi, akatazama kitenge, akachukua tepu yake akaivaa shingoni. "Mkono bado mzito kidogo. Kola bado. Tumalizie hizi sare za shule, kisha tutazungumza. Jast e litol praktis."

Damasi akavaa kofia yake, akarudi Mutuka na baiskeli tupu.

Sare za shule, basi. Mnajua mwezi wa kwanza ulivyo hapa mjini, kila mzazi wa Singe na Nangara anataka marinda jana. Sosthenes alipima, akakata, akasimama barabarani na kofia yake kuzungumza na wateja. Aliyeshona ni Jovita. Asubuhi hadi magharibi, mguu mmoja. Mwaka ule nadhani nusu ya watoto wa mji waliketi darasani juu ya mishono ya Jovita, na walipotoka wakasema asante kwa Fundi Sosthenes. Sare zikaisha. Akaja mtu na mashati ya kwaya. Mashati yakaisha. Yakaja mapazia ya ofisi fulani. Kila kazi ilipoisha, Jovita aliuliza, na kila alipouliza kidole kidogo kilinyanyuka. Miezi sita ikazaa mwaka. Mwaka ukazaa mwaka mwenzie. Kule nyumbani kuku wa Damasi alipanda juu ya ile cherehani iliyofunikwa shuka akatotoa vifaranga, vifaranga wakakua, wakapanda nao wakatotoa palepale. Mimi nahesabu vizazi vitatu. Kuku wa nne alikuwa anajua kukanyaga.

Hapa ndipo hasira yangu inapochemkia. Ile sentensi yenyewe si mbaya. Mimi shule sikuiona hata dirisha lake, lakini kila ninachokijua nilikijua hivyohivyo, kidogo leo, kidogo kesho. Kusaga ugoro usiowasha macho, kumzalisha mbuzi, kumdanganya karani. Na Jovita mwenyewe, akifika nyumbani, kabla hajabandika sufuria, alimwondoa kuku, akafunua shuka, akashona mstari mmoja. Mmoja tu. Siku hii kola, siku ile tundu la kifungo. Kisha anafunika, kuku anarudi. Kila siku ya Mungu. Huo ndio mkono aliokuja nao asubuhi kibarazani, na ndio mkono alioutumia Sosthenes. Neno zuri likikaa kwenye mdomo mbaya linageuka kufuli. Anayesema kidogo ni nani? Kidogo inapimwa kwa kopo la nani?

Katika mwaka wa pili nilirarua gauni langu kwenye msumari wa meza yangu ya ugoro. Nikampa Jovita alishone, kimyakimya, Sosthenes akiwa ameenda kunywa chai. Akanirudishia, huoni hata ilipokuwa imeraruka. Jioni nikafika kwangu nikavua, vidole vyangu vikagusa kitu ndani ya pindo, pale mshono wa ubavu unapoingia. Kama punje ya maharage. Nikapindua. Sikio. Dogo, safi, limezungushwa mara tatu, limelazwa ndani ya pindo mahali ambapo hakuna mtu angeliona mpaka siku ya kufa kwa nguo.

Kesho yake nikavuka barabara. "Mama Brayan, umeniachia gunia ndani ya gauni."

Akashtuka, akatazama huku na huku. "Bibi, usiseme. Mkono wangu hauwezi kuondoka kwenye nguo bila kuifunga. Nimejaribu. Nikiacha hivihivi silali."

"Unafanya hivyo kwenye nguo zote?"

"Zote, bibi."

"Tangu lini?"

"Tangu ule mto."

Nikanyamaza. Mimi, ambaye sijawahi kuweka siri hata ya kuku kutaga, nikanyamaza mwaka mzima na zaidi. Ilinisumbua kuliko jino bovu. Kila nilipomwona mwalimu anapita na suti mpya nilitamani kumshika pindo.

Mwaka huu, mahindi yalipokuwa yanakauka, akaja Mama Brigita. Yeye ni mwenyekiti wa akina mama wa kigango cha Mutuka, kanisa dogo analosali Jovita, mama mnene mwenye sauti ya kengele, na kigango chao msimamizi wake ni Mtakatifu Ana, mama yake Bikira Maria, yaani bibi yake Yesu, bibi mwenzangu. Sikukuu yake iko mwezi wa saba. Akina mama walikuwa wameagiza kitenge chenye picha yake, akina mama arobaini na wawili, kila mmoja gauni, picha ikae katikati ya mgongo.

Mama Brigita akasimama mbele ya cherehani ya Jovita. "Jovita mwanangu, akina mama wanataka wewe ndiye ushone. Wewe ni wa kwetu. Je, umepewa mkasi?"

Jovita akatazama chini. "Bado, mama."

"Miaka mitatu na bado?"

"Bado, mama."

"Basi siwezi," akasema Mama Brigita, na niliona imemuuma. "Nikikupa kitambaa cha Mtakatifu bila mkasi, kigango chote kitanisema. Mwambie fundi wako akupe, leo hata kesho. Nitasubiri wiki."

Jovita akamwendea Sosthenes. Mara hii hakusema shikamoo. "Fundi, nipe mkasi wangu."

Sosthenes akamtazama, kisha akamtazama Mama Brigita aliyekuwa bado anapima vitenge dukani, na nikaona hesabu ikipita usoni mwake kama panya juu ya dari. "Sikia, Mama Brayan. Kazi hii nitaipokea mimi. Utanisaidia. Ukimaliza magauni haya arobaini na mawili bila kosa, siku ya kukabidhi, mbele ya hao akina mama wenu, nakupa mkasi. Mzee Mikidadi ni shahidi."

"Nimesikia," akasema Mikidadi. Mikidadi kazi yake ilikuwa kusikia. Miaka mitatu alikuwa anasikia.

Jovita akashona. Baridi ya mwezi wa sita mnaijua, inashuka kutoka mlima Kwaraa na kisu mkononi. Goti lake likavimba, likawa kama boga. Alikuwa analifunga kwa kanga na kuendelea. Siku aliposhona gauni la arobaini na moja goti likagoma kabisa, Damasi akaja akambeba kwenye baiskeli kama gunia, samahani kwa mfano huo. Likabaki gauni moja, la Mama Brigita mwenyewe.

Sosthenes akasema, "Hilo la mwenyekiti nitalishona mimi, liwe na heshima." Nilimwona kwa macho yangu. Alikaa kwenye cherehani kwa mara ya kwanza tangu sijui lini, akikaakaa kama kuku kwenye mayai ya bata, simu shavuni, akimwambia mtu kwamba yeye ana kazi ya kanisa. Akalimaliza kabla chai haijapoa.

Alhamisi ya kukabidhi wakaja wote. Akina mama arobaini na wawili kwenye kibaraza, wengine mtaroni, barabara ikaziba, bajaji zikapiga honi zikachoka. Jovita alikuwepo, goti limefungwa, anapiga pasi ya mkaa magauni ya mwisho. Damasi alikuwepo na kofia mkononi. Mimi nilifunga ugoro nikavuka. Wakavaa kwa zamu mle ndani nyuma ya pazia, wakatoka mmojammoja, na nikwambie, walipendeza. Wote mgongoni wana Mtakatifu Ana, amenyooka, anatazama mbele kama anawasubiri wajukuu.

Mwisho akaingia Mama Brigita. Alikawia. Tukasikia kitambaa kikilalamika. Akatoka.

Mikono ilikuwa imeshonwa ya kulia kushoto, ya kushoto kulia, akawa anasimama kama mtu anayesukuma gari. Hilo lingevumilika. Akageuka kutafuta kioo, na kibaraza chote kikanyamaza. Mtakatifu Ana alikuwa kichwa chini. Miguu juu mabegani, kitambaa cha kichwa kikielekea barabarani. Bibi wa Mwokozi, umri ule, amesimamishwa kwa kichwa chake kwenye mgongo wa mwenyekiti. Nilihisi damu inanipanda kwa niaba yake.

"Nini?" akauliza Mama Brigita. "Mbona hamsemi? Kuna nini huko nyuma?" Akawa anazunguka kujiona mgongo, anazunguka tena, hadi mwenzake mmoja akamshika bega akamnong'oneza.

Mama Brigita akamgeukia Sosthenes polepole. "Fundi. Hii ni nini?"

Sosthenes hakupepesa jicho. Nilikuwa karibu naye, nikamwona hakupepesa. "Samahani sana, mama mwenyekiti. Hilo moja lilishonwa na mwanafunzi wangu huyu. Nilimwachia nimpime. Hayo mengine yote nimeyashona kwa mkono wangu. Ndiyo maana mkasi nasita, mnaona wenyewe. Bado anahitaji." Kidole kidogo kikanyanyuka. "Jast e litol praktis."

Vichwa vyote vikamgeukia Jovita. Nami nilishavuta pumzi ya kupiga kelele zifike Dareda, lakini Jovita aliweka pasi juu ya kisahani chake, taratibu, akaja akichechemea hadi katikati.

"Mama zangu," akasema. Sauti haikupanda. "Naomba kila mmoja apindue pindo la gauni lake, upande wa kulia, pale mshono wa ubavu unaposhukia. Aguse kwa ndani."

"Kuna nini?" akauliza mmoja.

"Gusa tu, mama."

Wakainama. Akina mama arobaini na mmoja wakapindua pindo. Wa kwanza akasema, "Kuna fundo." Wa pili akasema, "Hata mimi." Mmoja wa nyuma, mzee, aliyepanga magunia ya Mutuka maisha yake yote, akaliweka karibu na jicho akaanza kucheka kwa hasira, kama mtu anayekohoa. "Hili ni sikio la gunia. Hili ni la Jovita. Ninalijua hata gizani, nimelishika miaka ishirini nikinyanyua mahindi yangu."

Likazunguka kibaraza chote. Sikio, sikio, sikio. Arobaini na moja. Mama Brigita naye akainama, akapindua pindo lake, akatafuta kulia, akatafuta kushoto, akapekua gauni zima. Hakuna. Uzi unaning'inia tu, umeachwa bila kufungwa.

"Langu halina," akasema.

"Ndiyo, mama," akasema Jovita. "Hilo sikulishona mimi."

Sosthenes akacheka kidogo. "Jamani, uzi ni uzi. Fundo ni fundo. Yeyote anaweza kufunga fundo."

Ndipo Mikidadi akatoka nyuma ya kaunta yake. Mzee mzima, kofia imemkaa vibaya. "Fundi, hilo fundo wewe ulimkataza. Mbele yangu. Ulisema hapa hapashonwi gunia, na mimi nilicheka. Sasa iweje lipo kwenye magauni arobaini na moja unayosema umeshona wewe?"

Sosthenes akatafuta Kiingereza, hakukipata.

"Mpe mkasi wake," akasema Mama Brigita.

Sosthenes akaingia chini ya meza, akatoka na mkasi mdogo, mpya, bado uko kwenye nailoni. Akaunyoosha. Jovita hakunyoosha mkono.

"Si huo," akasema. "Ule."

Ule mweusi, mzito, uliokuwa mezani, aliokatia miaka yote. Sosthenes akauwekea mkono juu. "Huu ndio ninaopatia chakula, Mama Brayan. Kuwa na utu."

Kuwa na utu. Aliyasema hayo akiangalia goti lililofungwa kanga.

Mama Brigita akakusanya gauni lake lililopinduka, akakaa chini, palepale sakafuni mbele ya mlango wa duka, na Mtakatifu Ana kichwa chini nyuma yake. Mwingine akakaa. Wakakaa wote, arobaini na wawili, kibaraza kikajaa, hakuna mteja anayeweza kuingia wala fundi anayeweza kutoka. Hakuna aliyepiga kelele. Mmoja akatoa mahindi ya kuchoma kwenye mfuko akawagawia wenzake. Jua likahama kutoka kwenye mtaro likapanda kwenye kofia ya Sosthenes. Nasikia magari yalipanga foleni hadi Minjingu, ila hilo sikuliona, naliongeza mimi.

Alipoona hata madereva wa bajaji wanawapitishia maji ya kunywa wale akina mama, Sosthenes akaushika ule mkasi mweusi, akaugeuza mpini mbele kama desturi inavyotaka, akampa. Alitaka kusema neno. Mikidadi akamkatiza. "Nimesikia."

Jovita akaupokea. Hakusema asante, na mimi ningemkemea kama angesema. Akamwambia Mama Brigita, "Vua hilo gauni, mama." Kitenge kilichobaki Sosthenes alikuwa amekikunja chini ya meza, kwa kazi anayoijua yeye. Jovita akakivuta, akakitandaza, akatafuta kichwa cha Mtakatifu kwanza, kisha akakata. Akashona mgongo mpya, akarudisha na mikono kila mmoja upande wake, watu wakimtazama, mguu mmoja, kila kitu kikasikika, hata sindano. Alipofika mwisho alizungusha fundo mara tatu. Lakini mara hii hakuliingiza ndani ya pindo. Aliliacha nje.

Watu wananiambia, bibi, mbona bado umenuna, yamekwisha vizuri. Yamekwisha vizuri kwa nani? Miaka miwili na nusu iliyozidi ile miezi sita nani atamrudishia? Goti nani atalitoa uvimbe? Mikidadi amempa sehemu ya mbele ya kibaraza, ile ya Sosthenes, na cherehani ya maksai imeshuka kutoka Mutuka, kuku amehamia kwenye pipa. Ana mwanafunzi kutoka Singe, Ursula, aliyemwambia miezi sita, na akisema sita anamaanisha sita. Vyema. Lakini mtu hapewi mkasi wake mwenyewe halafu mji ukaitwa mwema.

Sosthenes amehamia kibaraza kingine, chini ya barabara. Bado ananunua ugoro kwangu kwa sababu hakuna ugoro mwingine unaomtoa chafya. Anakuja asubuhi, ananyoosha kiganja. Nachukua kijiko changu kile kidogo kabisa, nampimia punje za kutoa nusu chafya.

"Bibi, mbona kidogo hivi?"

Nafunika kopo langu. Namwambia avumilie, zoezi tu, na miaka mitatu ikipita aje tena tuzungumze.